Jiwe la Kufulia la Tate

Kila Jumamosi asubuhi Joviale alifua nguo nyuma ya nyumba pamoja na bibi yake, Mukakalisa, ambaye yeye alimwita Tate. Goma ni mji wa mawe ya volkano, na mawe hayo hayana huruma: ukisugua shati juu yake unabaki na matambara. Lakini Tate alikuwa na jiwe jeupe, laini, ambalo marehemu mumewe aliliokota baada ya volkano kuunguza mji. Majirani walikuja kufulia hapo kwa zamu, na Tate alitamba utafikiri ana gari.

Jumatatu, Mwalimu Théogène aliwapeleka wanafunzi wake kwenye shamba la zamani la kahawa, nje kidogo ya mji. Vichakani palikuwa na makaburi matatu ya familia ya Wazungu waliomiliki shamba hilo enzi za Wabelgiji.

"Huyu ni baba, huyu ni mama, na hapa ni mutoto wao," alisema mwalimu. "Jiwe lake lilichukuliwa, hata jina lake hatulijui."

"Huyo mwizi mikono imukauke!" alisema Benny, na darasa zima likacheka.

Joviale naye alicheka, hadi alipoyatazama makaburi vizuri. Mawe mawili yaliyobaki yalikuwa meupe, laini, na ubavuni yamechongwa tawi la kahawa. Tawi kama hilo alilijua vizuri. Kila Jumamosi lilijaa povu la sabuni.

Jioni Joviale aliisukuma sahani yake pembeni. Akisema, Tate ataitwa mwizi, na jiwe litakwenda. Akinyamaza, mtoto yule atabaki bila jina. Mwishowe alimwambia Tate yote.

Wakaligeuza jiwe kwa pamoja. Chini, penye udongo, palikuwa na maandishi: *Lucienne, 1948–1952.*

Tate akaketi chini, moyo umemuuma. "Kumbe tulikuwa tunafulia juu ya mutoto! Miye sikujua." Akapangusa udongo kwenye jina. "Baba yangu alichuma kahawa ya hao Wazungu. Walimupiga fimbo. Analala nyuma ya makaburi yao, hana hata jiwe."

"Basi Tate, tulibakishe?"

"Hapana. Mutoto wa miaka ine hakupiga mutu fimbo. Tafuta chukudu."

Kesho yake Joviale alimweleza mwalimu, na jiwe likapakiwa kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Wanafunzi wakakisukuma huku wakiimba, na Benny akihema kuliko wote.

"Leo mikono itanikauka miye mwenyewe!" alilalamika.

Mwalimu alipolirudisha jiwe mahali pake, alimgeukia Tate. "Mama, na baba yako aliitwa nani?"

"Twizeyimana."

Wanafunzi wakachagua jiwe jeusi la volkano, wakaandika jina hilo kwa rangi nyeupe, wakalisimamisha pale Tate alipowaonyesha. Tate alilia, akacheka, akajifuta kwa kitenge.

"Musikie, watoto," alisema. "Joviale angenyamaza, watu wawili wangebaki bila jina. Kitu cha mutu umurudishie, hata kama watu wake hawakukufanyia muzuri. Ukweli unaanza kukuuma, kisha unakuponya."

Akawatazama mmoja mmoja. "Sasa, Jumamosi nani atanisaidia kufula manguo kwenye beseni?"

Wote wakamgeukia Benny. Mikono yake, ashukuriwe Mungu, ilikuwa bado haijakauka.