Picha Moja Iliyobaki

Kumbukumbu za wagonjwa wote wa kitengo cha mionzi zilikuwa zimefutika. Daktari alibofya jina baada ya jina, na kila jina likamrudishia ukurasa mweupe. Nyuma yake alisimama Inspekta, mikono mfukoni.

Nje, kwenye benchi la koridoni, mdogo wake Inspekta alikuwa amejifunika shali, akingoja kuitwa.

"Yule wa kwanza pale nje," Inspekta aliuliza, kama anayemuulizia mtu baki, "ameshapigwa mionzi kiasi gani?"

"Sijui, afande. Siku alizokuja anazijua mwenyewe. Kipimo cha kila siku, na miale ilipopita, vilikuwa humu. Nikikisia, naweza kumuunguza pafu. Nikisubiri, uvimbe unakua."

Inspekta alitoka, akamwita koplo wake.

Walishuka hadi chumba cha seva, chini kabisa ya jengo, ambako baridi ilikuwa ya kupasua midomo na mashine zilivuma mfululizo. Mkuu wa mitambo, mama wa makamo mwenye miwani, alieleza kilichotokea. Hifadhi yao ilipigwa picha kwa ratiba, yaani hali yake yote ya saa ile iligandishwa na kuwekwa, ili kikiharibika kitu warudi palipokuwa pazima. Kazi hiyo, na ya kufagia picha zilizopitwa na wakati, ilifanywa na programu waliyoinunua juzijuzi, baada ya kuzishindanisha kadhaa. Alfajiri hii mtu alikuwa ameingia, akafuta kumbukumbu, na picha zote nazo zikatoweka.

"Aliingia kwa nenosiri la nani?"

"Langu," mama alisema, na miwani ikafunga ukungu.

Mafundi walikuwa wamejikunyata mlangoni. Mmoja tu alikuwa mchangamfu, kijana mrembamba ambaye wenzake walimwita Profesa kwa jinsi alivyopenda kuwasahihisha watu. Aliwaambia wakubwa wasiwe na presha. Kompyuta haifi, huzimia tu. Hakuna aliyecheka.

Inspekta alitoa amri kama alivyofundishwa. Eneo la tukio lisiguswe. Maneno yote ya siri yafungwe, hata la mkuu. Koplo akachukua alama za vidole kwenye kibodi, kisha Inspekta akabandika utepe wa polisi mlangoni kwa mkono wake mwenyewe.

Alimhoji kwanza mkuu, kwenye ofisi ndogo ya ghorofa ya juu. Kila dalili ilimwelekea mama huyu, naye hakujitetea sana. Alieleza jinsi kamati ilivyochagua programu. Kulikuwa na za kununua, na kulikuwa na moja aliyoiandika Profesa mwenyewe. Ya Profesa ilikuwa nyepesi na ya haraka, lakini ilijulikana na mtu mmoja tu. Akiugua je? Akihama je? Wakanunua ya dukani, yenye kampuni ya kuipigia simu.

"Alikasirika?"

"Alinyamaza. Kisha akanisaidia kuisimika. Alikaa hapa ubavuni, mimi nikiandika, hadi nenosiri."

Inspekta akamwita Profesa.

Aliyeingia hakuwa yule mtani wa asubuhi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alikaa, akatazama saa ya ukutani juu ya kichwa cha Inspekta, akateremsha macho, akayapandisha tena.

"Una miadi?"

"Hapana, afande."

"Ulikuwa wapi alfajiri?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Nani anajua?"

"Naishi peke yangu." Macho yakapanda tena ukutani. "Afande, mngenifungulia mfumo dakika chache tu. Naweza kusaidia."

"Kusaidia nini? Mkuu wako anasema hakuna kilichobaki."

Kijana alifumba mdomo kama aliyeshika kaa la moto ulimini.

Hapo Inspekta akaogopa kweli. Asubuhi watu wote walikuwa wakitetemeka isipokuwa huyu. Huyu alianza kutetemeka baada ya utepe kubandikwa. Aliyetenda kosa na akawa mtulivu alikuwa na njia ya kulirekebisha. Na njia hiyo, Inspekta aliiziba mwenyewe.

Akageuka kuitazama saa ya ukutani; zilibaki dakika chache kufika saa saba. "Saa saba kuna nini?" akauliza polepole.

Profesa aliukodolea macho mshale mrefu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kwenye benchi la kitengo cha mionzi kuna dada mwenye shali. Mimi na yeye tumenyonya ziwa moja. Nakuuliza tena. Saa saba kuna nini?"

Profesa alivunjika kama kijiti.

"Ile programu mpya inafagia picha kila alfajiri, na tena saa saba mchana. Niliibadilishia sheria, isibakize picha hata moja, ionekane imekula picha zake yenyewe. Ilipomaliza kufagia alfajiri, nikapiga picha yangu kwa programu yangu. Kila kitu kimo, ila saa saba nayo itafagiwa. Kisha nikafuta. Nilikuwa nirudishe sheria, halafu mbele ya wote niwarudishie kumbukumbu. Mkafunga. Mmetufungia sisi, afande. Ratiba hamkuifunga."

Walishuka ngazi wakiziruka mbilimbili. Inspekta aliuchana utepe wake kwa kucha. Mkuu wa mitambo alipewa kibodi, nenosiri lake likafunguliwa, akaliandika, akakosea, akakosea tena, na koplo mwenye mwili wa mbuyu akaanza kusali kwa sauti.

Akapata. Akasimamisha ratiba.

Kwenye kioo ilikuwa imebaki picha moja, na jina aliloipa Profesa lilikuwa "mwanangu".

"Kwa nini?" Inspekta alimuuliza, huku wale wengine wakiirejesha hifadhi.

"Niliikeshea programu yangu, afande. Kamati ikaniuliza nikifa nani ataiendesha. Hakuna aliyeuliza kama inafanya kazi." Alivuta pumzi, na kiburi kikamrudia usoni, kidogo tu. "Imefanya kazi. Si mmeona?"

Inspekta alitoa pingu. Alijaribu kuzifunga, chuma kikagongana na chuma, zikamshinda. Koplo akazichukua mikononi mwake taratibu na kuzifunga yeye.

Juu, daktari alikuwa akibofya majina, na kurasa zilikuwa zimejaa. Mdogo wake Inspekta alishainuka kwenye benchi, shali mkononi.

"Wameniita," alisema. "Mbona unahema hivyo?"

"Ngazi," Inspekta akamwambia, akamshikia mlango, na mlango ukatetemeka naye.