Mashina Yalitazama Nyika

Maiti ya Abdirashid ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya malka, imefunikwa matawi ya miiba hadi kiunoni. Nyuma yake ng'ombe wenye kiu walikuwa wamesongamana wakilia, maana maji waliyaona na njia hawakuiona.

Inspekta Ladan alichuchumaa. Kisogo kilikuwa kimepasuka na damu imekwisha kukauka.

"Nani amegusa?"

"Hakuna, afande," akajibu konstebo Ziro. "Wachungaji wamemkuta alfajiri. Wanasema ni Kaingu."

Wangesema nani mwingine? Malka ndiyo njia ya mifugo ya kushukia mtoni, inapita katikati ya mashamba, na shamba la Kaingu ndilo lililopakana na hii. Kaingu mwenyewe alikuwa amesimama barazani kwa chifu, watu wote wakisikia, akasema ataifunga kwa mikono yake. Sasa imefungwa, na chini ya miiba kuna mtu. Kesi ilikuwa imejileta yenyewe na kukaa kitako.

Tena kesho yake Rais Mwakera alikuwa anatua Garsen kuomba muhula wa pili, na marehemu ndiye aliyekuwa mratibu wa kampeni yake huku deltani. Lazima mtu apatikane upesi.

Ladan alitoa simu akapiga picha. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo angelipa chochote asilione. Mashina ya matawi yote yalitazama nyika, upande wanakotokea ng'ombe. Miiba ilitazama mto.

Alikuwa amekulia bomani, hakuhitaji kufundishwa. Mfugaji akifunga boma huvuta tawi kwa shina, na shina hubaki upande wake ili asubuhi apate pa kushika. Mkulima anayezuia ng'ombe huwaelekezea miiba. Hawezi kuwapa wenye ng'ombe mpini wa kufungulia. Na kwenye maganda ya mashina kulikuwa na mikwaruzo ya ndoana. Hangool, alijisemea. Ni fimbo ya kuvutia miiba, ndoana upande mmoja, panda upande wa pili. Wakulima hawanayo.

Aliyefanya haya alikuwa mtu wa kwao.

Ladan akainuka, akajipangusa magoti. "Mleteni Kaingu," akasema.

Kaingu aliletwa kituoni na matope miguuni.

"Ulisema utaifunga malka."

"Nilisema."

"Ukaifunga."

"Sikuifunga, afande. Nilisema kwa hasira, ng'ombe walikuwa wamenilia kunde."

"Panga lako liko wapi?"

"Si mmelichukua nyumbani? Liko hapo nyuma yako."

"Wewe na Abdirashid mlikosana nini?"

"Marehemu? Juzi alikuja kwangu tukanywa chai. Akaniambia, Kaingu, sisi na nyinyi tunadanganywa."

"Na nani?"

Kaingu aliitazama picha ya Rais ukutani.

Ladan akaamuru afungiwe. Alijipa sababu, na sababu hazikosekani mtu akizitaka. Akimtaja mfugaji leo, watu watashikana. Acha Rais aje, aondoke, ukweli atautoa baadaye taratibu. Maneno matamu hayo. Moyoni alijua alikuwa anawaogopa wajomba zake tu, na kikao ambacho wangemwitia kumuuliza kama yeye ni binti wa nani.

Kabla ya adhuhuri akaja Sidi, mke wa Kaingu, na uji kwenye chupa ya chai. Hakulia.

"Mwanangu," alisema, "wameingiza ng'ombe shambani. Wanasema muuaji hana shamba. Mahindi yalikuwa yanangoja kukauka tu. Nimekuja kuuliza kama nitapewa askari, au nikae ningoje waishe."

Ladan akamtuma Ziro mbio. Ziro alirudi kofia mkononi.

"Nimewatoa, afande. Lakini sikukuta cha kulinda."

Aibu ilimpanda Ladan mpaka masikio yakamwaka moto. Wachungaji walikuwa wamewaswaga tu ng'ombe wale. Aliyewafungulia alikuwa yeye, kwa mdomo wake aliofunga. Simu ikalia, akaipokea. Alikuwa daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti.

"Si panga, Inspekta. Amepigwa na kitu cha mti, kigumu, cha mviringo. Na kuna mafuta kwenye jeraha. Yananukia samli."

Fimbo mpya hupakwa samli ing'ae. Na Garsen nzima ilijua ni hangool gani mpya iliyochongwa, na ya nani. Wazee waliiagiza wampe Rais jukwaani, na aliyekabidhiwa kuitunza ni Liban, naibu wa Abdirashid katika kampeni na binamu yake Ladan.

Safari hii hakujipa nafasi ya kufikiri. Alimchukua Ziro wakaenda ofisi ya kampeni, ambako vijana walikuwa wakijaribu vipaza sauti.

"Karibu, walaal," Liban alimwita dada kwa Kisomali, kama siku zote. "Tumefiwa."

"Nionyeshe zawadi ya Rais."

"Imeshafungwa."

"Ifungue."

Liban aliikunjua kanga polepole. Fimbo iling'aa kuanzia juu hadi chini, isipokuwa ndani ya ndoana, palipokuwa pamejaa ganda bichi la mti.

"Fimbo ya zawadi, Liban. Imevuta miiba gani?"

Liban akakaa. Ladan alimpa onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema lolote.

"Nitasema," alijibu. "Nimechoka na siri hii, na ni siku moja tu. Uchaguzi uliopita Mwakera alikunywa maziwa pale malkani. Alikuwa wakili wa wanyonge, wanyonge wakamfanya gavana, kisha Rais. Tulimwamini. Nikaapa kwa Msahafu mbele ya wazee kwamba malka haitaguswa, na wakampa kura zote kwa kiapo changu. Sasa sera yake ni hati kwa kila shamba la mtoni, na kwenye ramani malka hazimo. Amebanwa, walaal. Kura za maoni zinamwonyesha anashindwa, na wakulima ni wengi kuliko sisi. Abdirashid alitaka kuwaambia wazee kabla ya mkutano."

"Ukamuua."

"Nilimwomba asubiri uchaguzi upite. Akanipa mgongo. Fimbo nilikuwa nayo mkononi, natoka kwa mchongaji."

"Na miiba?"

"Wazee wakikuta malka imefungwa, watawakasirikia wakulima. Hawatamkasirikia Rais. Wala mimi."

"Mashina umeyaweka upande wetu."

Liban aliitazama mikono yake. "Mkono umezoea," akasema. Kisha akainua macho. "Uliona lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi? Na Kaingu umemweka ndani?" Akatikisa kichwa. "Basi ulinisaidia."

Ladan alimfunga pingu mwenyewe. "Haya utayarudia mbele ya ofisa mwingine," alisema, "na mtu wako utakayemchagua akiwapo." Fimbo ikachukuliwa kama kielelezo, na Rais akabaki bila zawadi.

Jua likiwa bado juu, Ladan alimfungulia Kaingu na kumsindikiza hadi shambani. Mabua yalikuwa yamelala matopeni. Kwa mbali kipaza sauti kilikuwa kikitangaza kwamba kesho, mbele ya Rais, wakulima wa mtoni watakabidhiwa hati zao.

"Kaingu, nilijua tangu asubuhi kuwa si wewe," alisema. Akamweleza kuhusu mashina, na kuhusu hofu yake, bila kujipunguzia. "Nisamehe."

Kaingu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye pengo la ua, pale ng'ombe walipopitia, akaanza kukokota tawi la miiba. Ladan akainama kumsaidia, akashika tawi jingine.

Kaingu akamwondoa mkono, taratibu tu, kama mtu anayemwondolea mgeni kazi.

"Acha, afande," akasema. "Wewe shina utaliweka nje."