Jani la Mafundo Mawili

Jumamosi kwa akina Ikupa ilianza na ng'ombe. Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso vizuri, ilimlazimu akate majani na kuyapeleka bandani kwa Malaika, ng'ombe wao wa maziwa. Malaika alikuwa malaika wa jina tu. Alikula kila kilichopita mbele ya pua yake, na siku moja alikula hata pindo la kanga ya mama iliyoanikwa uani.

"Gwe Ikupa, saa nane uwe hapa!" mama yake alisema kila Jumamosi. Ikupa aliitika akiwa tayari barabarani.

Alikuwa anakwenda ziwani. Watoto wa mtaa wao, pembezoni mwa mji wa Tukuyu, walikuwa na njia yao ya miguu. Njia hiyo ilikatiza mashamba ya chai, ikaingia migombani, kisha ikashuka hadi kwenye ziwa dogo la duara lililozungukwa na miti. Wenyewe waliliita Ziwa la Chini. Huko walitembea, wakaogelea na kupiga makasia mpaka njaa iwarudishe nyumbani. Mitumbwi ilikuwa miwili, mkubwa na mdogo. Mtunzaji wake alikuwa mjomba Asajile, mtu wa makamo, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Wadogo aliwavalisha majaketi ya kuelea akawapakia naye kwenye mtumbwi mkubwa. Wakubwa waliojua kuogelea, kama Ikupa wa darasa la sita, aliwaachia ule mdogo, ila wasiende mbali na ukingo.

Mtumbwi ukiwa na kasoro, Asajile aliufunga. Hakuwa na kufuli wala mnyororo. Alikata jani pana la mgomba, akalilaza kwenye pua ya mtumbwi na kulikaza kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili. Basi. Ukiliona jani hilo, hugusi. "Umefungwa," watoto waliambiana, na hata wa miaka sita alielewa.

Sasa, mvua ya Tukuyu kila mtu anaijua. Haibishi hodi. Ikikukuta njiani unakata jani la mgomba, unajifunika kichwani, safari inaendelea. Jumamosi ile mvua ilimkuta Ikupa ukingoni mwa ziwa, peke yake, wenzake wakiwa wameshakimbilia kibanda kidogo kilichokuwa juu kidogo ya ukingo. Asajile alikuwa majini na wadogo, anawarudisha.

Ikupa alikuwa amesukwa jana yake. Kesho yake kwaya ya watoto ingeimba kanisani, naye alikuwa mstari wa mbele. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akatazama huku na huku. Migomba ilikuwa juu kule kwenye mteremko. Lakini hapa, hatua mbili tu, kwenye pua ya mtumbwi mdogo, lilikuwepo jani zuri, pana, bichi.

Alijua ni jani gani. Tusimsingizie kwamba hakujua.

"Nalirudisha sasa hivi," alijiambia. Akafungua fundo la kwanza kwa kucha, la pili kwa meno, akajifunika na kutimua mbio.

Kibandani kulikuwa na vicheko na mahindi ya kuchoma. Mvua ilipopungua kidogo, Ikupa alikuwa bado anatafuna. Hapo ndipo alipomwona Mansuri akishuka njiani. Mansuri, jirani yao, alichelewa kila Jumamosi kwa sababu alimsaidia mama yake kufungua duka la vitambaa sokoni. Hakuna mtoto mtaani aliyependa kasia kama yeye. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtumbwi mdogo, akautazama puani, akafurahi.

"Leo uko wazi!" alipaza sauti, akausukuma majini.

Ikupa alifungua kinywa. Kisha akawaza: nikisema, wote hawa watajua nimeufungua mimi. Mjomba Asajile atanitazama kwa yale macho yake. Na Mansuri haendi mbali, anajua kuogelea. Alinyamaza kwa muda wa mtu kuhesabu hadi kumi. Muda mfupi jamani, lakini mtumbwi ulikuwa umeshateleza.

Ndipo moyo ulipomruka. Alikimbia hadi ukingoni akilipunga lile jani. "Mansuri! Rudi! Rudi!" Mvua ilikuwa imerudi kwa nguvu, ikameza sauti yake. Mansuri aligeuka, akainua kasia juu akicheka, akaendelea.

Ufa ulikuwa chini ya mtumbwi, mrefu kama mkono. Maji yaliingia yote kwa mara moja. Mtumbwi ulipinduka, ubavu wake ukampiga Mansuri kichwani, na uso wa ziwa ukabaki na kasia tu likielea. Asajile aliyekuwa akiwateremsha wadogo alijitupa majini na nguo zake. Alizama mara ya kwanza, akaibuka mikono mitupu. Alizama tena. Mara ya tatu akatoka naye, na Mansuri alikuwa amelegea, midomo imebadilika rangi. Asajile alimkamua maji, akampulizia pumzi mpaka akakohoa, kisha bodaboda ikawakimbiza hospitali.

Ikupa alifika nyumbani bila kujua amefikaje. Jani lilikuwa bado mkononi, na kamba yake. Alisimama bandani akilitazama. Malaika alinyoosha shingo, akalivuta, akalitafuna lote, mafundo na kila kitu. Sasa hakuna ambaye angejua kamwe.

Siku tatu Mansuri hakumtambua mtu. Siku ya nne alifumbua macho, lakini maji yalikuwa yameharibu kifua chake, na homa haikushuka. Ikupa hakuimba kwaya. Alisema koo linauma. Chakula alikisukuma pembeni. Mama yake alimshika paji la uso, akamuuliza, "Mwanangu, una nini?" Akajibu, "Sina kitu." Wakati huohuo mtaani maneno yaliwaka: Asajile ameacha mtumbwi mbovu wazi. Asajile mzembe. Asajile nusura aue mtoto wa watu.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti wa mtaa, Bwana Lazaro, aliitisha mkutano. Watu walijaa uwanjani, watoto nao wakakaa mbele kwenye nyasi. Mama Mansuri, Kuruthumu, alifika moja kwa moja kutoka wodini, macho mekundu, mtandio umekaa upande.

"Ndugu Asajile," alisema mwenyekiti, "mtumbwi ulikuwa na ufa. Ulijua?"

"Nilijua. Niliufunga alfajiri."

"Uliufunga!" Mama Mansuri alisimama. "Jani liko wapi? Mwanangu ana macho, angeliona! Hukuufunga, baba, uliusahau, na sasa unatudanganya mchana kweupe!"

"Niliufunga, mama," Asajile alirudia taratibu. "Pole sana. Lakini niliufunga."

Watu waliguna. Mmoja alipaza sauti kwamba afukuzwe leo leo, mwingine kwamba mitumbwi ichomwe moto. Bwana Lazaro aliinua karatasi ya kumwondoa Asajile kazini. "Basi kama hakuna mwenye neno la kumtetea—"

Ikupa alimtazama Asajile. Alikuwa ameinamisha kichwa, naye hakuwa na shahidi hata mmoja, maana siku ile watoto wengine waliogelea upande wa pili na hawakuliona jani. Shahidi alikuwa tumboni mwa ng'ombe. Magoti ya Ikupa yalimwinua kabla hajaamua.

"Aliufunga," alisema.

"Sauti, mtoto!"

"Aliufunga!" Sasa alilia waziwazi. "Mimi niliufungua. Nilichukua jani nijifunike mvua. Na nilimwona Mansuri akiingia, nikanyamaza kwa aibu."

Mama yake Ikupa alijifunika uso kwa kanga. Kuruthumu alimtazama yule mtoto aliyekula kwake sikukuu zote za Idi. Alikaa chini polepole. Kisha alimgeukia Asajile na kusema, "Baba Asajile, wewe ndiye uliyemtoa mwanangu majini, nami nimekutukana mbele za watu. Nisamehe." Bwana Lazaro aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Mansuri alirudi nyumbani wiki ya tatu, amekonda, anapumzika kila hatua chache. Ikupa alikwenda kumwomba msamaha, akasimama mlangoni hata kukaribia anaogopa.

"Nilikuona siku ile," Mansuri alisema. "Ulikuwa unapunga jani. Nilidhani unanisalimia."

Ikupa alilia mpaka kwikwi ikamshika. Mansuri alimwambia akae. Walicheza karata kidogo, wakaongea habari za shule. Ila Ikupa alipotaja ziwa, Mansuri alitikisa kichwa na kugeukia ukutani. Hakushika kasia tena mwaka ule, wala uliofuata.

Jumamosi ya kwanza watoto waliporuhusiwa kurudi ziwani, Ikupa alifika wa kwanza. Asajile alikuwa anakagua mtumbwi mkubwa, naye alikuta ubao mmoja umelegea. Alikata jani, akampa Ikupa pamoja na kamba.

Ikupa alililaza puani, akakaza fundo la kwanza, akakaza la pili.

"Mjomba, bado una hasira na mimi?"

Asajile alivuta kamba kujaribu mafundo. "Kulifungua jani, mvua ilikusukuma," alisema. "Hilo ni kosa la mtoto, nalisamehe. Lakini ulipomwona mwenzako anaingia majini, na siku saba nzima nilipotukanwa, nani alikusukuma kunyamaza? Kosa ukilisema pale pale, mwanangu, linakuwa dogo, watu wanalirekebisha mnakwenda kula. Ukilificha, anaumia mwingine. Umelisema umechelewa, lakini umelisema, na mimi bado niko hapa kwa sababu yako. Ndaga, asante."

Mvua ilianza, bila hodi kama kawaida yake. Wenzake walikimbilia kibandani wakimwita. Ikupa alibaki amesimama kando ya mtumbwi uliofungwa, nywele zake zilizosukwa jana zikilowa, mpaka mtoto wa mwisho alipopita bila kuugusa.