Pembe Iliyopinda

"Hii pembe ya kushoto imepinda," Dada Saikal, mwenyekiti, alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Mchoraji mzima kutoka Bishkek, unatuletea nembo yenye kilema?"

Kina mama wa chama cha mazulia ya sufu pale Naryn, Kirigizistani, wakaangua kicheko. Ulan, aliyejitolea kuwachorea nembo bure, hakucheka.

"Sitainyoosha, dada."

"Basi tutatafuta nyingine, nawe kesho panda gari urudi mjini."

Begimai, mwanachama mwenzao, alikuwa pembeni na kisu chake cha kukatia sufu. Pembe ile aliijua. Miaka saba iliyopita, yeye na Ulan walilaza sufu nyeupe juu ya nyekundu, wakakata michoro ya pembe za kondoo kwa mkato mmoja. Nyeupe ikaingia kwenye nyekundu, nyekundu kwenye nyeupe, wakashona mazulia mawili pacha. Ulan alimtania Begimai, naye akacheka, kisu kikamteleza na pembe ya kushoto ikapinda. Siku zile, jamani! Chai ya maziwa ilipoa na hawakujali. Kila mmoja alichukua zulia lake, wayakutanishe siku ya harusi yao. Kisha Ulan akaenda Bishkek, akanyamaza kimya.

Simu ya Begimai ikatetemeka. Ulan, hatua sita tu kutoka pale, alikuwa amemtumia picha ya zulia jeupe: "Bado lipo ukutani kwangu."

"Watu walisema uliliuza kwa mtalii!" Begimai alijibu kwa sauti, mbele ya wote.

"Waongo wakubwa hao."

"Na kunyamaza je?"

"Baba yako aliniambia mchora picha hawezi kulisha mke. Niliona aibu, Begimai. Nilikosa."

"Miaka saba! Si ungeniuliza mimi?" Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Nyie," Dada Saikal akadakia, "tunaongelea nembo au tunaongelea nini hapa?"

 Begimai aliingia stoo, akarudi na zulia jekundu lililokunjwa, akalitandaza sakafuni. Pembe ya kushoto ilikuwa imepinda palepale, kama kwenye nembo. Kina mama wakasogea kutazama.

"Isinyooshwe, dada. Kisu kiliniteleza mimi."

Kisha akamgeukia Ulan.

"Kesho panda gari, kama ulivyoambiwa."

Ulan akainamisha kichwa, akaanza kufunga kompyuta yake.

"Ukalilete lile lingine, yakutane."