Baba Alisema Amepona

Kila asubuhi kabla ya shule, Hayat alimvalisha baba yake shati. Alianza na mkono wa kulia, ule mbovu, akaupenyeza taratibu, kisha baba akamalizia wa kushoto mwenyewe. Nje, mafundi wa mtaa wao wa Buyenzi walikuwa wameshaanza kugonga vyuma. Kama usiku mabomu yalianguka upande wa Carama, hakuna aliyeyataja. Watu walichoka kuyataja.

Mama yake Hayat, Bi Sijaona, alikufa kwa malaria mwaka uliotangulia. Siku ile askari walifunga barabara ya hospitali kwa sababu mkubwa fulani alikuwa anapita. Mkubwa alipita. Mama hakupita.

Baba yake, Ilyasi, alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini. Kamba ya winchi ya kuinulia mizigo ilikuwa imelika, na wachukuzi walishawaambia wasimamizi mara nyingi. Wasimamizi hawasimami chini ya mzigo, basi hawakuona haraka. Kamba ikakatika. Mabati yakamwangukia Ilyasi begani. Rafiki yake Twalibu alikuwa chini ya mzigo kabisa, alikufa palepale.

Kampuni ilimwachisha Ilyasi kazi. Ikabaki ofisi moja mjini inayowalipa kila mwezi watu waliolemaa kazini, nayo ilitaka karatasi ya daktari. Bila malipo hayo, Hayat angeacha shule akauze mkaa.

Wakaenda hospitali. Madaktari wengi wa mji walikuwa wamekimbia vita, na aliyewapokea alikuwa mama mmoja kutoka Benini, Daktari Danielle. Hakujua Kirundi wala Kiswahili, Kifaransa tu. Hayat alikuwa darasa la sita, wa kwanza kwa Kifaransa. Baba yake alikuwa amewaambia majirani wote.

Daktari aliuliza hali yake sasa ikoje.

"Mwambie nimepona, alhamdulillah," alisema Ilyasi akitazama sakafu. "Twalibu hakupona."

Neno la kupona Hayat alilijua. Walikuwa wamelisoma darasani.

"Il est guéri, docteur," alisema. Habari ya Twalibu aliiacha. Hakujua aisemeje, tena aliona haimhusu daktari.

Daktari akatazama jeraha, akaona limefunga vizuri. Wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka nje. Akaandika, akagonga muhuri, akaita mwingine.

Ofisini, karani aliisoma ile karatasi akairudisha juu ya meza.

"Mzee, hapa wameandika guéri. Mutu amepona, tumulipe ya nini?"

"Nani amepona?"

"Karatasi ndiyo inasema, si mi. Leta ingine kabla ya mwisho wa mwezi. Kisha hapo tunafunga faili."

Njiani Ilyasi alitembea mbele. "Wamekula," alisema. "Kampuni imempa kitu yule daktari. Hawa wakubwa wanajuana."

Hayat alikuwa nyuma yake. Alikumbuka watu waliokimbia vita kule Kinama, jinsi walivyofika Buyenzi na mifuko yao kichwani wakisema, "Tumepona, tumepona," na wengine walikuwa bado wanatoka damu. Hapo akaelewa. Hakulia. Siku hizo hakuna aliyelia kwa jambo kama hilo. Aliendelea kutembea.

Jioni alikuja jirani yao Huseni, fundi wa magari, mikono bado ina mafuta.

"We Ilyasi, unajisumbua bure," alisema. "Iko jamaa nyuma ya soko anauza sertifika za daktari, na muhuri juu yake. Atakuandikia hata umekatwa mguu."

"Mguu ninao."

"Utauficha siku ya kulipwa."

Ilyasi hakucheka. "Wenyewe wanaiba mchana, mi niogope nini? Kesho naenda kuinunua."

Hayat alikuwa anakoroga uji. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Baba, yule daktari hakula kitu. Lile neno nilisema mi."

"Neno gani?"

"Guéri. We ulisema umepona kama watu wa Kinama wanavyosema wamepona, kwamba hukufa. Mi nikamwambia ugonjwa umekwisha. Na Twalibu sikumtaja."

Huseni alijikuna shingo. "Na Kifaransa chote kile tulichoimbiwa hapa."

"Nyamaza, Huseni." Ilyasi alimgeukia binti yake. "Ungekaa kimya, kesho ningenunua uwongo kwa yule jamaa."

"Ndiyo, baba."

"Wangenikamata. Maskini hawamuachi."

"Ndiyo, baba."

"Epua uji. Unaungua."

Kesho yake walirudi kwa Daktari Danielle. Hayat alisema kila kitu, na kosa lake, na Twalibu. Alipokosa neno alionyesha kwa mikono: mzigo unaanguka, mmoja chini, mwingine pembeni. Daktari aliweka kalamu chini. Hakumgombeza. Alisema hata yeye mwenyewe alipaswa kuujaribu ule mkono, siyo kutazama kovu tu. Kisha akauliza ni kazi gani baba hawezi kufanya.

"Mwambie si vibaya sana, tunamshukuru..."

"Baba, hapa hatusalimiani," alisema Hayat. "Sema lote, nami nitasema lote."

Ilyasi akasimama. Akaelekea ukutani, akainua mikono kama mtu anayeanza sala. Wa kushoto ulifika sikioni. Wa kulia uliishia kifuani, ukatetemeka, ukashuka.

"Tangu siku ile nasali hivi," alisema.

Hayat alitafsiri. Daktari akamwomba arudie, safari hii akipima bega kwa kifaa kama rula mbili zilizounganishwa. Akamwambia ainue kiti. Akamwagiza apigwe picha ya mifupa. Picha ilipokuja, akaandika karatasi mpya, ndefu kuliko ya kwanza: mtu huyu alinusurika, lakini bega lake halikupona, na mkono hautarudi kama zamani.

Karani aliisoma, akasema, "Sasa sawa." Pole hakusema. Malipo yalichelewa mpaka mvua zilipokwisha, maana waliotakiwa kutia sahihi hawanyeshewi. Lakini yalikuja, na Hayat akabaki shuleni.

Siku ya malipo ya kwanza, wakirudi nyumbani, Ilyasi alisema, "Sikiliza, Hayat. Wote wawili tulikosa. Mi niliona haya kumwambia daktari kwamba naumia, we uliona haya kusema hujui. Mbele ya daktari usipunguze, na usiongeze kama Huseni alivyotaka. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajakamatwa kwa ajili yako."

"Ndiyo, baba."

Mlangoni mwa msikiti, mzee mmoja alimpa Ilyasi mkono, akamuuliza kama watu walivyomuuliza kila siku: "Bwana Ilyasi, umepona?"

"Apana," alisema Ilyasi. "Niko hai."

Akavua viatu, akaingia.