Msomaji Aliyejifanya Amekaukiwa Sauti

Kila asubuhi, binti wa fundi cherehani alifagia vipande vya nguo chini ya mashine ya baba yake huku akirudia aya alizohifadhi. Siku ya mtihani wa madrasa alikuwa katikati ya sura ya Al-Mulk wakati kaka yake, aliyemzidi miaka miwili, alipoingia. Wenzao walimwita kaka huyo Mufti, kwa kuwa hakukuwa na jambo asilolitolea hukumu, hata namna ya kumenya chungwa.

"Leo mtahini ni mwanamume," alisema Mufti. "Mwanamume wa nje, asiye ndugu, hasikilizi sauti ya mwanamke. Ukimsomea, dhambi yako na yake pia."

"Nani kasema?"

"Nimesikia kwenye simu."

"Simu ya nani?"

"Wewe nawe! Dini haitaki ubishi."

Binti aliacha kufagia. Asiposoma, angerudia darasa mwaka mzima. Akisoma, labda angemkosea Mola wake. Aliona haya kumwuliza mtu mzima, basi akajiviringishia kitambaa shingoni na kwenda madrasa.

"Sauti imekauka, Bi Mwalimu," alinong'ona alipofika.

"Maskini mwanangu! Jana tu ulisoma mpaka nikasahau chai jikoni."

Bi Mwalimu alimletea maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Binti aliyasukutua, akahisi uongo wake ukimkwama kooni kuliko ugonjwa wowote.

Ikafika zamu ya Mufti. Shehe mtahini, fundi wa saa aliyehifadhi Kurani yote, alimwashiria aanze. Mufti alisoma sura hiyohiyo ya Al-Mulk kifua mbele hadi akazifikia aya mbili zinazoanza kwa maneno yaleyale. Hapo alikwama. Akarudi nyuma, akakwama tena. Nyumbani alizoea kukwamia hapohapo, na dada yake alizoea kumkwamua kabla hajavuta pumzi.

"Yarzuqukum!" Neno lililompotea lilitamkwa kwa sauti safi kutoka upande wa wasichana.

Darasa zima liligeuka.

"Mgonjwa kapona!" alipiga kelele mtoto mmoja, na vicheko vikavuma.

"Nani huyo mwenye koo la kupona haraka hivi?" aliuliza Shehe.

Binti alisimama, akakivua kile kitambaa. "Ni mimi, Shehe. Sikuwa mgonjwa, nimedanganya. Niliogopa kukusomea kwa sababu wewe ni mwanamume. Kaka aliniambia ni dhambi."

Shehe alimtazama Mufti. "Hukumu hiyo uliisikiliza hadi mwisho?"

"Hapana, Shehe. Chaji iliisha."

Shehe alijizuia asicheke. "Basi sikilizeni mwisho wake. Wanawake walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwuliza mambo ya dini, na wanaume waliokuwapo wakasikia. Kwa hiyo wanazuoni wengi wanasema sauti ya mwanamke yenyewe si uchi, yaani si kitu cha lazima kufichwa. Kilichokatazwa ni kuilegeza ili kuvutia watu. Wapo wasiopenda mwanamke awasomee wanaume wa nje kwa mahadhi pasipo haja. Nao wana hoja zao, na tunawaheshimu. Lakini hapa tunafundishana na kupimana, na mwalimu wako yupo. Soma, binti yangu, kwa utulivu."

Binti alisoma sura nzima bila kukosea hata herufi moja. Alifaulu. Mufti, kwa kuwa alisaidiwa, aliagizwa arudi wiki iliyofuata.

Wenzake walipokuwa wakitoka, binti alibaki nyuma. "Nisamehe, Bi Mwalimu."

Bi Mwalimu alimshika bega. "Nimekusamehe. Kumcha Mungu ni jambo jema, mwanangu, lakini hofu hiyo ingefaa ikulete kwangu uniulize. Wewe uliikimbia dhambi usiyokuwa na hakika nayo, ukaangukia ile unayoijua vizuri."