Ulamila Ayadai Maneno Yake

Jumanne asubuhi Ulamila alifumua mkeka kwa mara ya tatu. Ulikuwa mkeka wa harusi ya binti wa kaka yake, na mkono wa Ulamila si mkono wa kukosea. Lakini siku hiyo alipitisha jani la mkadi, akalirudisha, akalipitisha tena. Akainuka kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Akatoka kuangalia barabara, akarudi ndani. Mama mkwe wake, Bibi Akeneta, akamwuliza kama ameingiwa na siafu.

Mimi ni jirani yao. Nilifundisha shule ya msingi hapa miaka thelathini na moja, na mpaka leo wazee na watoto wananiita Mwalimu. Ulamila alipita mlangoni kwangu mara nne. Mara ya tano nilimwita aingie.

Hakuketi. Alisimama karibu na dirisha, akaniuliza kama ni kweli mkutano ni Jumamosi. Nikamwambia ni kweli. Sainiana, yule msichana wa chuo kikuu, alikuwa anarudi kutusomea aliyoyapata. Miezi miwili nyuma alikuja kuwauliza wagonjwa wa sukari wanaishije na ugonjwa wao.

"Basi mimi nimekwisha," Ulamila alisema.

Nikampa chai ya majani ya mlimau, akaanza kunieleza. Vidonge vya kliniki vilimvuruga tumbo, akaviacha bila kumwambia mtu. Bibi Akeneta ni mganga wa majani. Kila asubuhi alimchemshia mkwewe dawa yake, na dawa hiyo ni chungu kupita kiasi. Ulamila aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaenda kuimwaga kwenye migomba. Kwa hiyo hakuwa anatumia dawa yoyote, na kidonda cha mguuni kilikuwa hakiponi. Huku Bibi Akeneta akiwaambia watu kanisani kwamba mkwewe ana nafuu kwa majani yake.

Hayo yote Ulamila alimwambia Sainiana. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine, hata mumewe.

"Alikuwa mgeni, Mwalimu. Na aliniuliza vizuri. Nani mwingine amewahi kuniuliza?"

"Si alisema hatataja majina?"

"Hatataja. Atasema mwanamke msusi wa mikeka, ana kidonda mguuni, anaishi na mama mkwe mganga. Kwenye nyumba thelathini hizi, huyo ni nani kama si mimi?" Akafuta macho. "Yule mama ndiye aliyenilea nilipoletwa hapa nina miaka kumi na tisa. Akiaibishwa mbele ya watu, nitamtazama vipi?"

Nilimwambia amtake msichana ayafute maneno yake. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aibe.

"Siwezi. Tulipokea yaqona."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mgeni hafanyi jambo kijijini kabla ya kuweka mzizi wa yaqona, unaotwangwa kuwa kinywaji cha heshima, mbele ya mkuu wa kijiji. Mkuu akiupokea, watu wanapiga makofi, na mgeni anakuwa wetu. Sainiana alifanya hivyo, na alifanya vizuri. Lakini palepale, kabla watu hawajainuka mkekani, akagawa karatasi za idhini. Wote wakatia sahihi mmoja baada ya mwingine, mkuu anatazama. Nani angekataa wakati mikono bado ina joto la makofi?

Siku hiyo sikuwepo. Nilipoyasikia kwa Ulamila nilikasirika, tena sana, kwa sababu jambo hili nalijua kwa ndani. Nimo katika kamati ya maadili ya utafiti ya chuo anakosoma Sainiana. Hakuna anayeruhusiwa kwenda kuwahoji watu kabla kamati haijasoma mpango wake. Tunataka kujua atamwuliza nani, atamwuliza nini, maneno ya watu atayaweka wapi, na nani anaweza kuumia. Wamo daktari, mwanasheria na mchungaji. Nimo na mimi, mtu wa kawaida, na kazi yangu ni kuuliza yale ambayo wasomi wanaona haya kuuliza. Mpango wa Sainiana ulipofika nilitoka chumbani, maana kijiji ni changu. Lakini baadaye nilionyeshwa ulivyopitishwa. Aliandika kwamba kila mtu ataombwa idhini peke yake, nyumbani kwake.

Peceli, mume wa Ulamila, akaingia kumtafuta mkewe. Ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo hatuachani kwa utani.

"Binamu, unamfundisha mke wangu ukaidi?"

"Namfundisha kusoma. Karatasi mliyopewa na yule msichana iko wapi?"

Akajikuna shingo. Alikuwa ameisokotea tumbaku.

"Umevuta haki za mkeo, binamu. Zilikuwa na ladha gani?"

Akacheka, lakini nilipomwambia mkewe anatamani kujitoa kwenye utafiti uso ulibadilika. Alisema kujitoa sasa ni kama kumrudishia mgeni yaqona yake. Mkuu angewaonaje?

"Mkuu alimruhusu mgeni aingie kijijini," nikamwambia. "Hakumruhusu aingie tumboni mwa mkeo. Maneno ya Ulamila ni ya Ulamila. Anaweza kuyadai leo, na hakuna atakayemwadhibu wala kumnyima kitu. Yote hayo yaliandikwa kwenye karatasi uliyoivuta."

Peceli akamgeukia mkewe. "Kwani ulimwambia nini?"

"Ni yangu," Ulamila alisema. Peceli akasogea kando.

Nikampigia simu Sainiana, nikampa Ulamila. Alizungukazunguka chumbani na simu sikioni. Alianza kwa kuomba radhi, akataka kueleza, akakwama. Halafu akasimama, anasikiliza.

"Amesema anayafuta," aliniambia. "Amesema sina haja ya kumweleza sababu." Aliketi sakafuni, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Mimi nikaichukua simu. Sainiana alikiri kwamba alikuwa anawahi basi, ndiyo maana alikusanya sahihi zote pamoja. Tena alikuwa ameshaandika mwanamke msusi wa mikeka, vilevile kama Ulamila alivyohofia. Nikamwambia aende mwenyewe kuieleza kamati kabla sijaieleza mimi. Akaenda siku ya pili yake.

Kamati iliahirisha mkutano wa kijiji. Sainiana alirudi, akapita nyumba kwa nyumba, akamwomba kila mtu upya, akamsomea maneno yake. Watu wawili walijitoa. Kumi na mmoja walibaki, na baadhi yao wakaongeza mengine. Mkutano ulipofanyika, nilikaa nikijaribu kubahatisha nani alisema nini. Nilishindwa.

Ulamila hakusubiri mkutano huo. Wiki ileile alikwenda kliniki akamwambia muuguzi ukweli. Kumbe vidonge alikuwa anavimeza bila kula. Sasa anavimeza na chakula, tumbo limetulia, na kidonda kimefunga.

Bibi Akeneta naye, Ulamila alimweleza kwa kinywa chake mwenyewe, wakiwa wawili jikoni wanamenya magimbi. Bibi akatia gimbi lake sufuriani, akachukua jingine.

"Kwa hiyo migomba yangu haina sukari," akasema, akaendelea kumenya.

Hadithi hii nimewasomea wote wawili kabla ya kuichapisha, na majina haya si yao. Bibi alinitaka niibakize habari ya migomba, watu wacheke. Ulamila alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nitoe jambo moja. Nimelitoa.